Debe la Mama Hadija Halikukuua

Skola ndugu yangu,

Shuleni walitufundisha barua ianze kwa kuulizia hali, kisha ndipo mtu aseme ya kwake. Hali yako siulizi. Mimi mzima, Saidi mzima, ameota meno ya juu na sasa ananing'ata nikimnyonyesha. Nakuandikia mchana kwa sababu leo niko zamu ya jioni, mtoto amelala, mama yangu, aliyekuja kunisaidia mtoto, kaenda kutwanga kwa jirani, na chumba chetu cha hapa hospitalini Mkomaindo kimetulia. Ukiona herufi zinaegemea upande, ni zile zile ulizokuwa ukisema zinatembea kama walevi.

Kuna jambo limetendeka juu ya jina lako, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine, kama huko mnasikia. Wamesema umekufa kwa sababu ya debe la Mama Hadija. Wamelisema kwa sauti uwanjani, na watu wakapiga makofi.

Aliyeliandika ni Agnesi.

Hapo nimeweka kalamu chini kidogo. Nimerudi.

Unakumbuka karatasi ya makao makuu ilipofika. Chama chetu cha Wakunga Wanafunzi kinatoa ngao kila mwaka kwa tawi lililofanya kazi nzuri kupita mengine, na safari hii walisema pamoja na ngao kuna baiskeli. Sista aliisoma wakati wa chai, akaiacha mezani, akasema ninyi wa Masasi mnaogopa nini, andikeni. Tukatazamana. Tawi lenyewe lina mabenchi mawili na bendera ambayo Agnesi aliishona kwa kitambaa cha pazia. Nani atatuona sisi? Wewe ukaichukua ile karatasi, ukaikunja, ukaitia kifuani kama mtu aliyeletewa barua na mchumba. Tulipocheka ukasema, "Chekeni. Baiskeli ikija mtaomba kupanda nyuma."

Tangu hapo kila Jumapili baada ya chakula tulikaa nyuma ya chumba cha kufulia, wewe katibu, Agnesi mwenyekiti, na mimi ambaye sikuwa na cheo ila kazi yenyewe ilifanyika kwetu. Ulikuwa ukituuliza kama karani wa baraza. Mimi nikisema, "Tumewasaidia akina mama sana," wewe unauliza, "Sana ndiyo nini? Sana inabebwa kichwani?" Ukataka tuseme tulikuta nini, tukafanya nini, na tulipoondoka kikabaki nini. Sifa ulizifuta zote. Agnesi aliandika, "Kwa moyo wa kujitolea usio na kifani," ukakata mstari, naye akanuna, akasema, "Mwalimu Skola, hata moyo hutuachii?" Ukamjibu moyo wataukuta wenyewe wakisoma vizuri.

Mimi wa darasa la nne nilikuwa nasikia raha. Nilijua kuandika jina na kuandikia mume wangu huko mkongeni, basi. Sikujua kuwa jambo nililoliona kwa macho yangu naweza kuliweka kwenye karatasi likasimama.

Na jambo lenyewe lilikuwa zuri, Skola. Leo nalikumbuka kwa uchungu lakini lilikuwa zuri. Wewe mtu wa Lukuledi, mmezoea mto, ulipopanda uwandani kwetu Mnyambe wiki za mazoezi ulidhani nakutania niliposema maji tunayafuata chini korongoni, unashuka kukiwa bado giza na unarudi jua limeshakuwa kali. Ukamwona wifi yangu Mama Hadija, mimba imeshakuwa nzito, anapanda na debe kichwani, mkono mmoja anashika debe, mwingine anashika mizizi ya miti. Ukaketi kwenye vumbi na gauni lako jeupe la hospitali. Ukasema, "Tunawaambia wapumzike. Wapumzike halafu wanywe nini?"

Ni wewe uliyeuliza kuhusu unyago. Nilikueleza kwamba wasichana waliochezwa pamoja kwetu ni ndugu mpaka kufa. Mmoja akifiwa, wenzake hupika. Mmoja akiolewa, wenzake humsindikiza. Ukauliza, "Na mmoja akikaribia kuzaa?" Nikasema hapo kila mtu na debe lake.

Tukaenda kwa Bibi Nambunga, kungwi aliyetucheza sisi wote. Tukapiga magoti, shikamoo, marahaba. Alikutazama viatu kwanza kabla ya uso. Ukamweleza kuwa tunaomba waliochezwa pamoja wampokezane mwenzao maji tangu mimba inapokuwa nzito mpaka atoke arobaini. Akasema, "Wewe umeshashuka huko unakotaka wenzio washuke?" Ukasema bado. "Kashuke."

Ukashuka na debe la Mama Hadija. Kupanda, pale kwenye mawe, mguu ukateleza, ukakaa kitako kama mtoto anayesusa, maji nusu yakakumwagikia. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Na wewe ukacheka. Ukainuka, ukafika juu umelowa mpaka kiunoni, na Bibi Nambunga akakuuliza, "Umetuletea maji au umeyaoga?" Jioni ile ile aliwaita wanawake. Zamu za maji zikaanza, na kiangazi kile hakuna mjamzito wa Mnyambe aliyepanda korongo na mzigo. Kisa kizima ni hicho. Uliteleza, ukacheka, ukaendelea kula ming'oko yetu, vile viazi vya porini, na kukoroma karibu yangu wiki nzima.

Sasa kuna kitu ambacho ni chako wewe, na nakisema bila hasira. Wewe ndiye uliyesema ombi letu litaje mtu kwa jina. Ulisema, "Wakiandikiwa 'akina mama wengi,' hawaoni mtu. Wakiandikiwa Mama Hadija, wanamwona." Nikaenda kumwomba ruhusa wifi yangu. Akasema, "Niandikeni, na mseme kaka yako huyo niliyeolewa naye hakubeba hata kata moja." Maana mumewe ni ndugu wa mume wangu, nasi tulikuwa tukimtania kuwa kaka yangu wa kujipachika, ndipo mimi na mkewe tukaitana wifi. Tukacheka, ukaandika jina. Nani angejua.

Masika yakaingia. Ukaenda kwenu likizo ukaugua homa. Mimi na Agnesi tulipata habari tukapanda lori la magunia, tukafika Lukuledi umeshaoshwa. Mama yako alituketisha ndani akatueleza yote, sisi wawili, Agnesi huku na mimi huku. Kwamba homa ilipanda ikashuka, ukadhani umepona, ikapanda tena. Kwamba neno lako la mwisho lilikuwa, "Mama, nikune mgongo." Akakukuna, na mkono wake ungali mgongoni ukanyamaza. Agnesi alilia kuliko mimi. Alijiinamia mapajani kwa mama yako, na mama yako mfiwa ndiye akawa anambembeleza.

Kwa hiyo alijua, Skola. Hilo ndilo linaloniamsha.

Angekuwa mtu mwingine ningesema ni shauri lake. Lakini Agnesi ndiye aliyekuwa akinibebea Saidi wakati wa somo, anasimama naye dirishani ili nimwone nisihangaike. Sista aliposema kuwa mwenye mtoto mchanga angoje mwaka mwingine, Agnesi alisimama akasema, "Basi sisi tunajifunza uzazi wa nani, Sista, kama mzazi tunamfukuza?" Nikabaki. Mpaka leo Saidi akimwona anamnyoshea mikono, na mimi simwambii mtoto asimnyoshee.

Baada yako tulikaa wawili nyuma ya chumba cha kufulia tukamaliza ombi. Nakumbuka mstari wako maana niliusema mimi, yeye akaandika, "Katibu wetu Skolastika alifariki kwa homa kabla ya kumaliza kuandika kazi hii, ambayo ilikuwa wazo lake." Tukausoma kwa sauti. Mstari ule ukanitosha. Agnesi akasema atanakili upya kwa mwandiko safi, akatuma. Sikuuliza kuiona nakala. Kwa nini ningeuliza?

Tulishinda. Habari ilipokuja niliingia chumba cha dawa nikafunga mlango nikakuambia, kimya kimya.

Siku ya ngao waliweka viti uwanjani. Bwana DC, yule Mzungu wa wilaya, alikuwepo na mkewe, Sista amevaa soksi mpya, na mama mmoja mgeni wa makao makuu ametoka Dar es Salaam. Lori lilikwenda kuwachukua wanawake wa Mnyambe waje waimbe, na wakaja, Bibi Nambunga mbele karibu na dereva, Mama Hadija nyuma na mtoto wake mgongoni, yule aliyezaliwa kiangazi cha zamu za maji. Mama yako alikaribishwa kiti cha mbele. Alikuwa amevaa kanga ambayo bado ina ukakasi wa duka. Akanishika mkono akasema, "Leo wanamtaja mwanangu."

Mgeni akaeleza kwamba ombi letu lilikuwa na nguvu kuliko yote na linafaa kusomwa, matawi mengine yajifunze. Agnesi akasimama kulisoma. Mwanzo ulikuwa wako, nikakutambua neno kwa neno, nikawa natabasamu. Halafu akafika mahali ambapo sikuwahi kupasikia. Alisoma kwamba siku moja Skolastika alishuka korongoni kumchotea maji Mama Hadija wa Mnyambe. Kwamba wakati wa kupanda, debe la Mama Hadija likiwa kichwani, aliteleza akaanguka vibaya, akaumia ndani, wala hakupata nafuu tena. Kwamba alipokuwa anakata roho aliuliza, "Maji yamefika?"

Mgeni alijifuta macho. Mke wa Bwana DC pia. Makofi yakapigwa.

Mama yako hakupiga. Aliniachia mkono. Akasema polepole, akitazama mbele, "Mwanangu hakuuliza maji. Mimi nilimshika nani?" Akaniuliza tena, "Mama Saidi, wewe ulikuwepo nyumbani kwangu. Mimi nilimshika nani?"

Nikageuka kutazama watu wa kwetu. Wanawake wa Mnyambe walikuwa wamekaa mkekani. Nikaona mkeka unapata nafasi. Mmoja alijivuta, mwingine akajivuta, na Mama Hadija akabaki katikati peke yake na mtoto, anatazama huku na huku kama mtu aliyemwaga kitu na hajui ni nini.

Wewe ulikaa kwetu wiki chache tu, kwa hiyo nikueleze. Uwandani ukisema mtu amekufa kwa sababu ya kuteleza na debe la mwenzie, hakuna atakayeuliza jiwe lilikuwaje. Watauliza debe la nani. Na hapa jibu limekwisha tolewa, limesomwa mbele ya serikali. Wanawake waliokuona ukiteleza ukacheka walianza kusema, kumbe ndipo ilipoanzia. Kumbe kile kicheko hakikuwa cha bure. Mmoja akakumbuka kuwa debe lile lilitoka kwa mama mkwe wa Mama Hadija, ambaye ni mama mkwe wangu mimi pia na hajawahi kumdhuru hata kuku. Yakasemwa. Kisimani wakawa wanamwachia nafasi, anateka wa mwisho, anapanda peke yake jua likiwa utosini. Mtoto wake mkubwa akipita, wenzake wanaitwa ndani.

Na zamu za maji zikafa. Hakuna aliyezikataza. Nani atabeba debe la mwenzie, na akiumwa kichwa kesho mwenye debe aitwe mchawi? Na mjamzito gani atakubali abebewe, apate kesi? Mke mdogo wa fundi cherehani, ana mimba kubwa, nilimwona mwenyewe anapanda na mtungi. Nilipotaka kumpokea akarudi nyuma. Akasema, "Dada, niache tu. Sitaki kuandikwa."

Sitaki kuandikwa. Sisi tulioona kuandika ni jambo zuri.

Nilimfuata Agnesi. Alikuwa anaanika mashuka. Nikamwambia kila nilichokuambia wewe hapa. Alisikiliza, akaendelea kuanika. Akasema, "Mama Saidi, mimi sikumwua. Alikwisha kufa." Nikamwuliza kwa nini. Akasema makao makuu wanasoma maombi ya nchi nzima. "Ukiwaandikia homa, wanafungua linalofuata. Homa kila mtu anayo. Nimempa Skola kifo ambacho watu hawatakisahau. Jina lake liko chini ya ile ngao. Ulitaka lisiwepo?"

Hapo alinipata, nakiri. Jina lako liko pale ukutani, limeandikwa kwa herufi za dhahabu, na kila nikipita nalisoma. Lakini nikamwambia, "Na Mama Hadija je?" Akasema hayo ni mambo ya ushirikina, watu wa uwandani wafundishwe. Yeye wa Lindi mjini. Nikamwomba twende pamoja Mnyambe aseme mbele ya wanawake kwamba aliongeza chumvi. Akanishika bega, mkono ule ule uliombeba mwanangu, akasema, "Ngao imeshatundikwa, mdogo wangu. Wewe una mtihani. Soma." Na mwezi uliofuata alikuwa anaitwa Dar es Salaam kuwafundisha matawi mengine namna ya kuandika ombi lenye nguvu. Kwa kulisoma lile lile.

Nikaenda kwa Bibi Nambunga. Hakunikaribisha kiti. Akasema, "Ninyi mlikuja kwangu kwa magoti. Sasa mmekwenda kusema kwa Mzungu kwamba kwangu watu wanaliwa." Nikasema Bibi, si mimi. Akasema, "Najua si wewe. Ungekuwa wewe usingeingia hapa. Lakini neno limesemwa mbele za watu. Wewe unakuja kunong'ona jikoni."

Kwa hiyo kwenye kikao cha tawi nilisimama. Unanijua ninavyoogopa hata kumjibu Sista somo. Nilisema Skola alikufa kwa homa kwao Lukuledi, mimi na mwenyekiti tulikuwepo msibani, na yaliyosomwa si kweli. Wenzetu walinipigia kelele. Mmoja akasema nina wivu kwa sababu sikupigwa picha. Mwingine, "Baiskeli ikirudishwa utatubeba wewe?" Agnesi hakupiga kelele. Alinitazama kwa huzuni kama mtu aliyefadhili akasahauliwa, na hilo liliniuma kuliko kelele. Sista akasema ataandika makao makuu. Sijui kama ameandika. Agnesi amekwenda Dar es Salaam. Ngao ingali ukutani, na siku hizi nakula peke yangu.

Niliona bado sijafanya kitu. Mnyambe hakuna anayejua kikao cha tawi ni mdudu gani. Nikamfunga Saidi mgongoni nikaenda Lukuledi.

Mama yako alikuwa anamenya muhogo. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kumenya. Nikamweleza ya Mama Hadija tangu mwanzo, mkeka, kisima, mke wa fundi. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze. Aliuliza jambo moja tu, "Huyo mama, mtoto wake ananyonya?" Nikasema ananyonya. Akaweka kisu, akaenda ndani, akatoka na kanga ya pili na kibuyu chake. Akasema, "Lori linapita saa ngapi?"

Tulilala Mnyambe kwa wazazi wangu. Alfajiri alitaka aonyeshwe nyumba ya Mama Hadija. Wifi yangu alipomwona alitaka kukimbia, nadhani alifikiri amekuja kudai damu. Mama yako akasema, "Habari za hapa, Mama Hadija. Nimekuja kuazima debe." Hakuna aliyeelewa. Akalichukua mwenyewe pale ukutani, akajitwika likiwa tupu, akashuka nasi.

Kisimani wanawake walikuwa wengi. Mama yako alisimama kwenye foleni kama mtu yeyote, Mama Hadija nyuma yake. Zamu yake ilipofika alichota, akajaza mpaka mdomoni, akajitwisha. Mwanamke wa watu hajazoea lile korongo, Skola. Alipanda akipumzika, akipanda, na hakuruhusu mtu ampokee. Pale kwenye mawe nilifumba macho. Alipita. Wanawake walikuwa wanamfuata, na mimi nasikia pumzi zao tu na maji yakigonga bati.

Juu, mbele ya nyumba ya Bibi Nambunga, akalitua. Akachota kwa kata akanywa. Akanawa uso. Halafu akasema kwa Kiswahili, maana Kimakonde hakijui, na mimi nikawa nafasiri kwa wale wazee. Akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa Skola. Mwanangu alikufa kwa homa ya masika, nyumbani kwangu, kichwa chake kiko hapa." Akajishika kifuani. "Hakuuliza maji. Aliniambia nimkune mgongo. Nikamkuna. Aliyesema vingine hakuwepo. Na debe hili ndilo hili, nimelibeba, nimekunywa. Anayesema lina kitu aje anitazame kesho kama sijaamka."

Akaketi palepale karibu na debe.

Bibi Nambunga alikuja polepole akalitazama debe ndani. Akasema, "Wewe umemwaga kidogo kuliko mwanao." Mama yako akamtazama. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na Mama Hadija akaja akapiga magoti akamshika miguu, wanawake wote wakalia kwa pamoja ule msiba ambao hawakupata nafasi ya kuulia. Walikulilia Skola, kwa Kimakonde na kwa Kimakua. Mama yako alilala kwetu tena, na asubuhi ndiye wa kwanza kuamka, anafagia uwanja wa watu.

Zamu zimerudi. Si zote, wengine bado wanaogopa, lakini mke wa fundi anabebewa, na anayembebea siku za Jumatano ni Mama Hadija. Bibi Nambunga ametoa sharti kwamba hizi sasa ni zamu za waliochezwa, si za tawi, na mwanafunzi wa hospitali akija asije na kalamu. Nimekubali. Ninapokwenda, nashuka kama mtu wa kwetu.

Mtoto ameanza kugeuka, naona ataamka, kwa hiyo nikuage.

Agnesi sijamsamehe. Sitaki kukudanganya, wewe umedanganyiwa vya kutosha. Akirudi nitamsalimu, nitamwacha ambebe Saidi akitaka, lakini karatasi yangu hataishika tena. Labda siku moja atakuja mwenyewe pale Mnyambe aseme. Mimi bado namtarajia, unajua nilivyo.

Na hii ndiyo ahadi yangu. Nikifaulu mtihani nitakuwa mkunga, na mwakani tawi likiomba tena nitaliandika mimi, kwa hizi herufi zangu za kilevi. Nitasema tulikuta nini, tukafanya nini, na kikabaki nini. Nitasema pia kilichoharibika na mkono wa nani ulikiharibu. Mama Hadija sitamtaja, nitaandika mama mmoja, nao wasiomwona basi wasimwone. Wewe nitakutaja jina zima, kwamba wazo lilikuwa lako, na kwamba ulikufa kwa homa, kwenu Lukuledi, kama watu wanavyokufa. Wasipotupa ngao wasitupe.

Lala salama, ndugu yangu. Mama yako ananiita binti yake siku hizi. Nitamtunza.

Wako,
Zuhura, Mama Saidi